Uwanda wa Ezekias

Ilimanaq, 24 Mei 1986

Mama yangu Bolethe,

Kuanzia leo, ukimsikia Mdenmark yeyote huko Copenhagen anajidai kuijua Greenland, mwambie anyamaze kwanza, aje amuulize mjomba wako. Watu wamekaa kandokando ya barafu kuu tangu enzi za mababu, na hakuna hata mmoja aliyejua chini yake kuna nini. Mimi najua. Nimeipima kwa mikono hii. Bila mimi ile mashine yao ingekuwa sanduku tu la kukalia.

Lakini salamu kwanza, nisije nikaonekana sina adabu. Mama yako Regine hajambo. Goti linamsumbua ila mdomo mzima kabisa. Mbwa wangu jike amezaa, watoto wote weusi, na hapa kijijini kila mwenye dume jeusi anatazama pembeni. Barafu ya bahari imekatika mapema, jirani yetu Lukas kapoteza nyavu, nikamgawia sili mmoja ingawa hakuomba. Kaburi la marehemu mama, yaani la wewe wa kwanza, nimeliondoa theluji na msalaba nimeupaka rangi upya. Unajua tangu ulipobatizwa jina lake sijawahi kukuita kwa jina tupu, na sitaanza leo kwa vile umekuwa mchora ramani.

Haya, jambo lenyewe. Kazi uliyonitafutia ya kukokota rada barafuni imekwisha, na imekwisha vizuri kupita kiasi. Injinia wenu Preben ni mtu mwema, mrefu kama mlingoti. Siku ya kwanza akaniuliza, "Ezekias, umewahi kufika huku juu?" Nikamwambia, "Preben, mimi nilizaliwa huku juu, mama akiwa anapita." Alicheka mpaka miwani ikamwanguka.

Nitakueleza rada ilivyo, maana najua ofisini hawawaelezi vizuri. Ndani ya sanduku kuna sauti ya redio isiyosikika. Inapigwa kelele kwenda chini. Barafu inaipisha, mwamba unairudisha. Ikikawia kurudi, barafu ni nene. Ikiwahi, mwamba uko karibu. Majibu yanaandikwa kwenye mkanda wa filamu. Lakini mashine hiyo ni kipofu, haijui kama inakwenda au imekaa. Anayeiambia ni gurudumu la baiskeli lililofungwa nyuma ya sledi inayoburuzwa thelujini: likizunguka, mashine inaandika. Basi mimi niko mbele na pikipiki ya theluji, sledi inanifuata, na gurudumu mkiani linalialia kama mbwa mwenye njaa.

Siku ya mstari wa mwisho wa kupima Preben alikuwa hemani amefungwa kitambaa machoni. Mwanga wa theluji ulimuunguza, kwa sababu miwani ya jua anaivaa utosini. Akasema tuache. Nikamwambia, "Wewe lala." Nikaenda peke yangu mpaka moyoni mwa barafu, mahali ambapo hata kunguru hajafika, nikarudi na mkanda. Uliposafishwa Ilulissat, kilichoonekana ni vilima, vilima, halafu ghafla uwanda! Tambarare kama meza ya altare. Preben alinikumbatia mbele ya watu. Anasema huenda lilikuwa ziwa zamani, na maji ya barafu yatapita hapo kuja kwenye ziwa letu, na siku moja tutawasha taa kwa maji, ile mitambo ya dizeli itupwe. Kwenye karatasi ameandika kwa mkono wake: Uwanda wa Ezekias.

Jumapili nyumba ilijaa watu kwenye karamu ya kahawa. Regine alioka keki, mchungaji alikula vipande ambavyo sitavitaja idadi. Lukas akaniuliza mbele ya wote, "Na huko chini sili wapo?" Nikamjibu, "Wapo, wamehamia huko kukimbia nyavu zako." Nyumba ilitikisika.

Ni mimi mwanao,
Ezekias


Copenhagen, 30 Juni 1986

Mjomba Ezekias,

Barua yako nimeisoma nimesimama mlangoni, viatu mguuni. Hongera. Hapa ni joto, watu wanalala kwenye nyasi kama sili juu ya barafu na wanakuwa wekundu kwa jua. Mwambie mama nimepata ile ngozi ya nyangumi, niliila yote siku moja na chumba kikanuka wiki nzima, mwenye nyumba akaniuliza kama kuna kitu kimekufa. Goti lake alifunge kwa joto.

Mkanda wako uko mezani kwangu sasa hivi. Mimi ndiye niliyepewa kuuchora uwe ramani. Nilifurahi, nikawaonyesha wenzangu, "Huyu aliyeukokota ni mjomba wangu, na mimi ni mama yake." Ilinichukua mchana mzima kuwaeleza.

Kitu kimoja tu, mwanangu. Vilima vya mwanzo ni vizuri, vinapanda na kushuka kama vilima vyote. Halafu uwanda unaanza pale pale, kama umekatwa kwa kisu. Na si mwamba tu. Ndani ya barafu yenyewe kuna tabaka, theluji za miaka na miaka, na kwa kawaida zinajikunja. Kwako zimenyooka zote, kuanzia juu hadi chini, kama mistari ya daftari. Sijawahi kuona hivi. Kuna jambo lolote lilitokea siku hiyo? Upepo? Kamba ilikatika?

Preben haulizi kitu. Yeye anaimba tu.

Bolethe


Ilimanaq, 9 Agosti 1986

Mama yangu,

Barua yako ilikwama Ilulissat, meli imezuiwa na milima ya barafu mdomoni mwa ghuba, kwa hiyo usione nimekawia nikawa na kiburi. Goti la Regine limepona kwa kuikasirikia ile habari ya mwenye nyumba wako. Anasema umwambie kwamba jibini lao ndilo lililokufa.

Samaki wapo. Jana nilivuta mmoja mkubwa hivi kwamba boti iliinama upande, ikabidi Lukas akae upande wa pili, na unamjua Lukas alivyo na uzito. Hapa sasa watoto wananiita Uwanda. Nikipita, "Uwanda, habari za asubuhi!" Mwenyekiti wa kijiji amekuja kunitaka niketi kwenye kamati ya umeme. Kwenye mkutano bibi mmoja akauliza maji yatatoka wapi, wote wakanigeukia mimi. Nikasimama. Nikaeleza. Nilieleza vizuri sana.

Kuhusu lile ulilouliza. Tambarare ni tambarare, Mama. Mtu aliyepita juu yake anaisikia matakoni. Labda mashine ilishikwa na baridi, labda ilikuwa imechoka vilima. Mwindaji huulizwi ulipigaje sili, unaulizwa nyama iko wapi. Nyama si unayo mezani?

Chora, uandike jina, upumzike. Na ule, sauti yako kwenye karatasi imekonda.

Ezekias


Copenhagen, 15 Septemba 1986

Mjomba,

Salamu kwa wote. Sijambo. Mvua.

Nakuandikia haraka kwa sababu mambo yamekwenda mbele kuliko nilivyodhani. Mwisho wa Januari Preben anaipeleka ramani kwa wakubwa, na wao wakikubali, masika watapeleka mtambo wa kutoboa barafu mpaka kwenye uwanda wako kuangalia maji. Safari yote inaelekezwa pale. Na kila ramani ina kona ambapo mchoraji anaweka jina, kuonyesha kwamba amekagua na ameridhika. Kona hiyo ni yangu.

Juzi mwenzangu aliinamia mkanda akacheka. Akasema, "Bolethe, hii ni picha ya mtu aliyekaa. Ukisimama mahali pamoja mashine ikaendelea kuandika, inaandika sehemu ileile, sehemu ileile. Inatoka tambarare." Nikamwambia, "Mjomba wangu hajui kukaa. Muulize mtu yeyote wa kwetu." Nilisema kwa ukali, akaniomba radhi.

Halafu nikaenda chooni, nikasimama huko muda mrefu.

Mimi ndiye niliyewaambia wakuchukue. Niliwaambia hakuna anayeijua barafu kama wewe, kwa sababu ndivyo ulivyokuwa unatuambia tangu sijaota meno. Mwanangu, niambie tu. Kama ulisimama, niambie. Bado kuna nafasi ya kuifuta kimya kimya.

Bolethe


Ilimanaq, 20 Oktoba 1986

Mama mpenzi,

Salamu za Regine, za mbwa na za Lukas, ambaye sasa amenunua injini mpya na hazungumzi na watu. Theluji ya kwanza imeshika. Nimekuwekea samaki wakavu.

Nilitaka kulinyamazia jambo hili mpaka kaburini, lakini umeniuliza kama mama, nitakujibu kama mwana. Nilisimama, ndiyo. Ila si kwa uzembe! Nilikutana na qivittoq.

Usicheke. Weupe ulishuka ghafla, mbingu na theluji vikawa kitu kimoja. Nikasikia mtu ananiita kwa jina, kwa sauti ya ajabu, kama asiyezoea kulitamka. Nikatazama, naye yuleee! Nywele mpaka kiunoni, makoti ya manyoya yameoza mwilini, macho kama ya samaki aliyevutwa kutoka kilindini. Mmoja wa wale waliofanya la aibu nyumbani wakaenda kutembea barafuni hata wakaacha kuwa watu. Nikamwambia, "Rudi ulikotoka!" Akanirukia. Tulishikana, Mama, tukabiringika, ana nguvu kama sili mkubwa mwenye pembe. Wakati tunapigana mguu wake ukanasa kwenye gurudumu, kila akijitahidi kuuchomoa gurudumu linazunguka, linazunguka. Hapo ndipo mashine yenu ilipopata huo uwanda. Mwisho nilimshinda, akaenda zake analia.

Kwa hiyo unaona kosa si langu. Preben usimwambie, Wadenmark hawaamini vitu hivi, wataandika vibaya. Wewe weka jina lako. Kutoboa watatoboa tu popote, barafu ni ile ile.

Mwanao,
Ezekias


Copenhagen, 12 Novemba 1986

Ezekias,

Nimekuomba ukweli mara mbili, ukanipa sili mara ya kwanza na zimwi mara ya pili. Nilipokuwa mdogo hadithi zako nilizipenda kuliko mkate. Sasa ni mtu mzima na nina kalamu mkononi.

Nikiweka jina, watu watapelekwa juu ya barafu kutafuta kitu ambacho sijui kama kipo, na wasipokipata wataangalia ile kona. Hawatakuta Ezekias. Watakuta Bolethe, binti wa Ilimanaq aliyekuwa wa kwanza wa kwetu kukaa kwenye meza hii. Nikikataa bila sababu, nitakuwa nimemvunjia Preben kazi yake kwa kicheko cha mwenzangu mmoja. Nahitaji sababu, na wewe ndiye unayo.

Unaniita mama yako. Mama yako ungemwandikia barua kama ile?

Basi usiniite hivyo tena mpaka utakaponijibu.

Bolethe


Ilimanaq, 21 Januari 1987

Bolethe,

Regine mzima. Sisi wengine tupo.

Barua yako ilinifikia kabla ya Krismasi. Niliisoma nikaiweka nyuma ya saa ya ukutani. Niliandika majibu mara kadhaa na kila jibu lilikuwa na mnyama ndani yake, nikalichoma. Nilipokuwa tayari kuandika vizuri, helikopta haikuja. Dhoruba, halafu ukungu, halafu dhoruba tena. Barua isingewahi. Utakuwa umeshajua nilichofanya, lakini nataka usikie kwangu, si kwa ofisi.

Nilikwenda dukani kwenye redio. Unaijua redio ya kwetu. Ukizungumza pale, kila boti na kila jiko kwenye ghuba nzima linasikiliza, watu wanazima hata cherehani. Ndiyo sababu sijawahi kusema kwenye redio jambo lolote ambalo si la ushindi. Wakaniunganisha na Copenhagen, na Preben akaja. "Ezekias, rafiki yangu! Habari za uwanda wetu?"

Nikasema, "Preben, uwanda haupo."

Ikajibu sauti, wala si ya Preben, ya mvuvi mmoja wa Qasigiannguit: "Sasa Ezekias, umeupeleka wapi?" Nikasikia vicheko kutoka upande wa Aasiaat, vingi, na mwanamke mmoja akisema, "Shhh, mwacheni amalize, ndiyo kwanza anaanza."

Nikamaliza. Nilisema nilisimama. Nikasema nililinyanyua gurudumu nikalizungusha kwa mkono mpaka namba ya kilomita aliyotaka ikatimia. Nikasema Bolethe aliona tangu mwanzo, aliniuliza na nikamdanganya, na kama kuna jina la kuondoa liondolewe langu. Preben hakuwa na hasira. Hilo ndilo lilinichoma. Aliuliza polepole, kama daktari, "Lakini vile vilima vya mwanzo ni sawa? Tukate uwanda, tubaki na vilima?" Nikasema hapana, tupa mstari wote. Akasema, "Kwa nini wote?" Na ghuba nzima inasikiliza. Nikasema, "Tupa tu, nakuomba," nikazima.

Nje Lukas alikuwa amekaa juu ya pipa. Nilimngoja anichome. Akasema tu, "Twende ukanisaidie na injini." Tulikwenda, tukaifungua skrubu kwa skrubu. Ningeona nafuu angenitukana. Watoto bado wananiita Uwanda, ila sasa wanakimbia baada ya kuita. Kwenye kamati ya umeme nimejitoa kabla sijatolewa. Regine ananipakulia supu ananitazama.

Kwa nini mstari wote, utauliza na wewe, na una haki kuliko Preben. Hili sikuweza kulisema kwenye redio. Uwanda niliweza, hili sikuweza.

Mimi sikuwahi kufika juu ya barafu kuu kabla ya siku zile. Hakuna mwindaji wa kwetu anayekwenda huko, akafuate nini? Maisha yangu yote ukinigeuza upande wowote naiona bahari. Kule nilikuwa nikigeuka sioni kitu. Preben alipokuwa na macho nilijikaza, nikipiga mluzi. Siku niliyokwenda peke yangu weupe ulishuka mapema, sikuona mikono yangu kwenye usukani, na bendera za Preben za kuonyesha mstari zikapotea. Niliendelea, nikidhani nanyoosha. Sikuwa nanyoosha. Nilikuwa nazunguka kama mbwa anayetafuta pa kulala. Kwa hiyo hivyo vilima mlivyonavyo si vya mstari ule, ni vya popote nilipopita, sijui ni wapi. Usiviache kwenye ramani hata kimoja.

Mwisho niliogopa kusogea hata hatua. Nilizima injini nikakaa nyuma ya sledi nimeiegemea, nimefumba macho, nikawa nazungusha gurudumu, nikijiambia nikishamaliza nitakuwa nimekwenda. Hapo ndipo nikasikia jina langu. "Ezekias! Ezekias!" Kwa sauti ile niliyokuandikia, ya asiyezoea kulitamka. Hilo la sauti halikuwa uongo. Niliingia chini ya turubai la sledi na mashine, nikajikunja, nikaomba zaburi niliyoikumbuka nusu. Sikuitika. Mkono mmoja niliuacha nje, unazungusha.

Weupe ulipoinuka nilichungulia. Hema letu lile jekundu lilikuwa hapo, ningerusha mpira wa theluji ungelipiga. Soksi za Preben zinaning'inia kambani. Mwenyewe amesimama mlangoni na kitambaa chake machoni, birika mkononi, ananiita kwa sauti ileile nikanywe kahawa.

Ezekias